Kuvuta Kamba Siku ya Rebeka

Miaka miwili kabla ya sherehe ya Rebeka, baba yake mdogo alimng'ata mjomba wake sikio mbele ya jeneza.

Ilikuwa Bunda, kwenye msiba wa shangazi mmoja wa upande wa mume. Wankyo alikuwa ameshika sinia la vikombe vya chai alipomsikia kaka yake Makongoro akisema, kwa sauti ya kufika hadi barabarani, kwamba watu wa Kisorya wanakujaga msibani kula, siyo kulia. Baltazari, mvuvi wa huko Kisorya na mdogo wa Felisian, mume wa Wankyo, alikuwa amekaa hatua mbili tu kutoka hapo, macho yamemvimba kwa kulia. Alisimama, akamkumbatia Makongoro kama mtu anayempa pole, kisha akamzamishia meno. Wanaume wanne waliwatenganisha. Baltazari akatema kitu kidogo chini, na kabla mtu hajakiokota, kuku alikidokoa na kukimbia nacho nyuma ya jiko.

Toka siku ile Makongoro alikuwa na sikio moja na nusu. Alirudi Butiama kwenye kazi yake ya uashi, akavaa kofia jua na mvua, na akamwambia dada yake maneno machache tu: "Siku nitakayokutana naye pasipo na maiti, hapo hapo tutapata maiti."

Wankyo alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza katika shule moja ya msingi mjini Musoma, na ndiye aliyekuwa na kazi ya michezo pale shuleni. Watoto mia moja na ishirini aliweza kuwapanga uwanjani kwa filimbi moja. Lakini Rebeka, bintiye wa pekee, alipokaribia kutimiza miaka tisa na kusema anachotaka, mwalimu huyo alijikuta amekaa kitandani.

"Sitaki zawadi," Rebeka alisema. "Nataka baba mdogo aje na mjomba aje. Wote. Nimeshawaambia wenzangu."

"Siku moja?"

"Siku yangu ni moja tu, mama."

Mtoto aliwapenda wote wawili, na hilo ndilo lililokuwa gumu. Kila likizo Baltazari alimpeleka ziwani kule Kisorya, akamfundisha kuogelea huku amemshika tumbo. Makongoro naye hakuja Nyasho, mtaa wao pale Musoma, bila kumbeba mabegani, mtu mzima na vumbi lake la saruji, wakazunguka mtaa mzima. Mtoto hakuwa kwenye ule msiba. Aliambiwa sikio la mjomba lilikatwa na bati.

Basi Wankyo akafungua daftari na kuanza kupanga michezo.

Alipanga kwa wiki tatu. Kila jioni, akimaliza kusahihisha madaftari ya wanafunzi, aliandika mchezo mmoja na kufuta mwingine. Rede aliifuta, kwa sababu mpira ukimpata mtu usoni hakuna anayejua kama ni bahati mbaya. Mieleka hata hakuiandika. Kombolela nayo aliifuta, maana hakutaka mtu yeyote ajifiche asikomwona. Alibakiza mbio za magunia, kubeba yai kwa kijiko na viti vya muziki. Mchezo wa mwisho ulikuwa wa wakubwa: kuvuta kamba.

Felisian alichungulia daftari akakuna kidevu.

"Mama Rebeka, kamba? Unawapa kamba watu hawa?"

"Wanavuta upande mmoja," Wankyo alisema. "Nimepanga timu kwa vitambaa. Baltazari mwekundu, Makongoro mwekundu. Mbele ya Baltazari yupo mwalimu Pastory, nyuma yake wewe, halafu Makongoro. Watavuta pamoja washinde pamoja. Mtu huwezi kushinda na mtu halafu umchukie vile vile."

"Na wakishindwa?"

"Hawashindwi. Upande wa bluu nimeweka walimu wa kike na mama yako."

Felisian alicheka, lakini kicheko kikamfia njiani. Alikuwa fundi cherehani, mtu mpole, ambaye tangu utoto alimwogopa mdogo wake na hakuwahi kulikubali hilo mbele ya mtu.

Kitu kimoja Wankyo alikijua kuliko wote, kwa miaka yake yote ya uwanjani: watoto hawapigani ndani ya mchezo. Wanapigana katikati ya mchezo mmoja na mwingine, pale aliyeshindwa anaposimama bila kazi mkononi na mwenzake anamtazama. Kwa hiyo hakuacha nafasi. Mchezo ukiisha, soda. Soda ikiisha, mchezo. Aliandika hadi dakika.

Akawapigia simu. Baltazari alicheka kwanza.

"Shemeji, mimi sina neno na mtu. Mwenye neno ni mwenye sikio."

"Hilo neno usije nalo."

"Haya. Nimesikia."

"Na usije umekunywa."

"Shemeji jamani. Kwa Rebeka wangu?"

Makongoro hakucheka. Alisema, "Nitaleta mbuzi. Nitamchinja mwenyewe. Nitakaa na nyama yangu huko uani. Huyo mtu asinisogelee."

"Kaka, niapie."

"Nakuapia kwa mama yetu alipolala. Lakini asinisogelee, Wankyo."

Jumamosi ilifika na jua kali. Kiwanja kitupu cha jirani walikuwa wamekifyeka, maputo yamefungwa kwenye senyenge, spika imewekwa dirishani. Kamba ilitoka kwa wavuvi wa mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga, nene kama mkono wa mtoto, na ilinuka dagaa. Makongoro alikuja asubuhi na mbuzi wake, akamchinja, akamkata vipande kwa panga juu ya gunia karibu na mlango wa jiko, kofia ameishusha hadi kwenye nyusi. Baltazari alifika saa nane na mama yao, Getruda, na ndoo ya sato wabichi. Wankyo alimsogelea kama anayemkumbatia, kumbe ananusa pumzi. Hakuwa amekunywa.

Wanaume wale wawili walisalimiana kwa kichwa, uwanja mzima ukiwa kati yao.

Magunia yakaenda vizuri. Mayai yakapasuka, watoto wakalia kwa kucheka. Viti vya muziki vikaisha kwa Rebeka kukalia mapaja ya rafiki yake. Wankyo alipuliza filimbi, akagawa soda, akapuliza tena. Kila baada ya muda alitazama upande wa gunia la nyama, halafu upande wa Baltazari, halafu saa.

Saa kumi kasoro, wakubwa wakashika kamba.

Na mpango ukafaulu. Hilo ndilo lililokuja kumuuma baadaye kuliko yote. Wekundu walivuta, na walimu wa kike wakachimba visigino ardhini, na Getruda akamwita Mungu kwa Kikerewe, na kamba ikaenda huku na huku mpaka Makongoro akanguruma, "Pamoja! Moja, mbili!" na Baltazari mbele yake akajibu, "Vuta!" Bluu wakaja wote kifudifudi. Wekundu wakaangukiana chali, na kofia ya Makongoro ikaruka. Baltazari ndiye aliyeiokota. Aliikung'uta vumbi, akampa. Makongoro akaitazama kofia, akamtazama yeye, akaipokea.

"Asante," akasema.

Neno moja. Wankyo alitakiwa apulize filimbi, agawe keki. Ilikuwa imeandikwa kwenye daftari: *keki, mara moja*. Lakini Rebeka alikuja mbio, taji la karatasi limepinda kichwani, akamshika mkono.

"Mama, sasa wavutane wao wawili! Baba mdogo na mjomba! Mama, tafadhali, mimi ndiye mwenye siku!"

Watoto wote wakadaka. "Wawili! Wawili! Wawili!"

Felisian, upande wa pili wa uwanja, alitikisa kichwa kwa nguvu. Wankyo alimwona. Lakini alikuwa ameshiba furaha ile, amelewa nayo, na aliwaona wale wawili wakitabasamu kwa aibu kama wavulana wanaosukumwa mbele ya darasa. Akasema, "Mara moja tu."

Wakashika. Makongoro ni mtu wa kubeba tofali na saruji. Baltazari mikono yake ni ya kukokota nyavu. Mwanzoni ilikuwa mchezo. Kisha shingo zikaanza kutoka mishipa, na watoto, bila kujua, wakagawanyika: huyu anashangilia mjomba, yule anashangilia baba mdogo. Kamba haikwenda popote. Halafu mguu wa Baltazari ukateleza pale mayai yalipopasukia. Akaanguka kifudifudi, na Makongoro hakuacha. Aliendelea kuvuta, akarudi nyuma hatua tano, sita, saba, akimburuta mwenzake tumbo chini kwenye vumbi na ute wa mayai, shati limepanda hadi kifuani. Watoto walicheka mpaka wakashika mbavu. Rebeka naye alicheka.

Wankyo akapuliza filimbi. Akapuliza tena.

Baltazari aliinuka taratibu. Kidevu kimechubuka, damu inachuruzika. Alitazama wale watoto wanaocheka, akamtazama Makongoro, akajifuta mdomo.

"Ningejua," akasema, "siku ile ningemalizia na la pili."

Hakusema kwa sauti kubwa, lakini walisikia wote.

Makongoro alimfikia kabla Felisian hajapiga hatua. Ngumi ya kwanza ilimpata Baltazari puani, na Wankyo aliusikia mfupa. Ya pili ilimkuta anaanguka. Baltazari, akiwa chini, alishika chupa ya soda, akaigonga kwenye jiwe, akamchoma nayo Makongoro pajani, akaizungusha. Makongoro alipiga ukelele ambao Wankyo hakuwahi kuusikia kwa mtu, akarudi nyuma akichechemea, akaenda moja kwa moja kwenye gunia la nyama.

"Panga! Anachukua panga!" mtu akapiga kelele.

Hapo watu wakakimbia. Mwalimu Pastory aliwakumbatia watoto watatu akaruka nao senyenge, suruali ikachanika. Getruda alisimama katikati ya kiwanja, mikono kichwani, akiita jina la mwanawe. Felisian alimrukia Makongoro mgongoni. Makongoro akamtupa kama anavyotupa mfuko wa saruji, kichwa cha Felisian kikagonga ukuta, akakaa chini akipepesa macho. Spika dirishani iliendelea kuimba.

Wankyo hakukumbuka kuingia jikoni. Alikumbuka tu mchi mkononi, mzito, bado una unga wa karanga.

Panga la kwanza lilimpata Baltazari begani, upande, likafungua nyama mpaka kitu cheupe kikaonekana. Akapiga magoti. Makongoro akaliinua tena kwa mkono wa kulia, juu kabisa, na uso wake ulikuwa mtulivu, kama mtu anayepima tofali. Wankyo alimpiga. Alimpiga kwa nguvu zake zote chini ya kiganja, na mkono wa kaka yake ukakunjika mahali ambapo mkono haukunjiki. Panga likaanguka.

Makongoro alimtazama. Hakulia. "Wankyo?" akauliza, kama asiyemjua vizuri.

Laiti lingeishia hapo. Lakini Baltazari, damu imemlowesha hadi kiunoni, alikwisha kulishika lile panga kwa mkono wake mzima, na alikuwa akitambaa nalo kumfuata mtu aliyevunjika. "Leo," alikuwa akisema, "leo, leo, leo." Wankyo akamgeukia. Akampiga gotini kwa mchi. Panga halikumtoka. Akampiga tena, na mara ya tatu, hata alipokwisha kuliachia, hata alipokuwa amejikunja akisema, "Shemeji, basi, shemeji, unaniua," bado mchi ulipanda na kushuka, na kitu ndani ya Wankyo kilikuwa kinaona raha. Baadaye hakumwambia mtu yeyote hilo. Wiki tatu za kuandika na kufuta, miaka miwili ya kuwabembeleza, yote ilikuwa inashukia mapaja na mbavu za mtu yule.

Kilichomsimamisha ni sauti ndogo.

"Mama."

Rebeka alikuwa amesimama kando ya meza ya keki, peke yake. Wenzake wote walikuwa wamekimbia. Gauni lake jeupe lilikuwa na mstari wa damu kutoka bega hadi kiuno, na siyo damu yake. Alikuwa anautazama mchi. Wankyo akautupa, akanyoosha mikono. Mtoto akapiga yowe na kukimbilia ndani.

Majirani waliwapakia wagonjwa kwenye gari la kubebea mchanga. Polisi walikuja, wakatoa fomu za matibabu, wakauliza nani alimpiga huyu na nani alimpiga yule. "Mimi," Wankyo alisema. "Na huyu pia ni mimi." Askari aliyekuwa akiandika aliinua kichwa akamtazama vizuri, mwalimu aliyevaa filimbi shingoni.

Alilala mahabusu siku mbili. Makongoro alifungwa miezi tisa kwa kukata na panga. Baltazari alipata miezi mitatu kwa chupa, akatumikia akiwa na mguu uliokataa kunyooka. Kwa Wankyo, hakimu alisema alizuia mauaji, na kwa mapigo ya ziada akampa onyo. Yale mapigo ya ziada yalitajwa na Felisian mwenyewe, kizimbani, alipoulizwa alichokiona. Wankyo hakumkasirikia. Alikuwa amesema kweli.

Nyumbani, Rebeka aliacha kuzungumza na mama yake. Alijibu alipoulizwa, akala alipowekewa, lakini mama alipompitia nyuma, mabega yake yalipanda. Akisikia kinu cha jirani kinatwangwa, aliingia chini ya meza. Usiku alilala na baba. Wankyo alinunua karanga za kusagwa tayari, na ule mchi akauchoma jikoni, lakini mtoto hakuwa anaogopa mchi.

Mwezi wa pili ulipita hivyo. Siku moja ya Jumapili, baada ya kanisa, Wankyo alikuwa anaanua nguo uani aliposikia mtu anamvuta gauni. Rebeka alisimama pale, macho chini.

"Mama. Mjomba atatoka lini?"

"Mwakani, mwezi wa sita."

"Mkono wake utajenga tena?"

Wankyo alitaka kudanganya. Alikwisha kumwona Makongoro gerezani mara moja. Kaka yake alikuja mpaka kwenye nondo, akamwonyesha vidole viwili visivyokunjika, akageuka akaenda zake bila kusalimia.

"Sijui," akasema. "Pengine hapana."

"Ni mimi niliyesema wavutane. Wewe ulikuwa umepanga vizuri. Baba alisema ulikuwa umepanga vizuri. Mimi ndiye niliyeharibu. Ndiyo maana uliwapiga vile, na mimi ungenipiga."

Shuka zikamtoka Wankyo mikononi. Muda wote ule alidhani mtoto anaogopa alichokiona. Kumbe alikuwa anasubiri zamu yake.

Alipiga magoti pale pale kwenye tope la maji ya kufulia, asimguse.

"Nisikilize. Wewe uliomba. Mtoto anaomba, ndiyo kazi yake. Mimi ndiye mwalimu, mimi ndiye nilikuwa na filimbi, baba yako alinitikisia kichwa na nikamwona. Nikakubali. Na kabla yangu, watu wazima wawili walikuja na hasira yao mfukoni. Wewe hukuwa hata na habari. Tulikudanganya kwamba ni bati."

"Siyo bati?"

"Siyo bati. Baba yako mdogo alimng'ata."

Wankyo alimweleza yote: msiba, chai, maneno ya Makongoro, meno, hata yule kuku. Aliona uso wa mtoto ukibadilika, ukichukia, ukihuzunika, na mwisho ukichoka.

"Wewe ulisikia raha kumpiga baba mdogo?" Rebeka akauliza.

Jua lilikuwa linachoma shingo. Ndani, Felisian alizima cherehani.

"Ndiyo," Wankyo alisema. "Kidogo. Na mimi inanitisha."

Mtoto aliinama, akaokota ncha moja ya shuka iliyoanguka. "Imechafuka," akasema. "Inabidi ifuliwe tena."

Wankyo akashika ncha nyingine, wakaipeleka pamoja kwenye beseni.